Kuiongeza protini ya neva au kuizuia? Ulinganisho kwa mwenye maumivu sugu ya neva

Nyayo zinawaka moto usiku, shuka ikigusa vidole inachoma, na mchana miguu hiyohiyo imekufa ganzi. Mwenye hali hii akiingia mtandaoni kutafuta tiba hukutana na ahadi mbili zinazopingana. Moja inamwambia neva zake zimekufa, kwa hiyo azitafutie protini ya kuzikuza upya, hasa ile iitwayo NGF (kifupi cha Kiingereza chenye maana ya kichochezi cha ukuaji wa neva). Nyingine inamwambia protini hiyohiyo ndiyo inayomtesa, kwa hiyo asubiri sindano ya kuizuia. Ahadi zote mbili zimetokana na utafiti wa kweli, na zote mbili zimeshajaribiwa kwa wagonjwa. Majibu yapo, na si haki mtu anayeteseka aachwe achague kwa kubahatisha.

Niseme mapema ninaposimama. Kwa maumivu ya neva, leo hii, sioni sababu ya mgonjwa kununua kitu kinachodai kuongeza NGF au protini nyingine za kukuza neva, wala kuahirisha matibabu akisubiri dawa ya kuzizuia. Dawa zilizopo hospitalini, pamoja na upungufu wake wote, ndizo zenye ushahidi mzito zaidi. Hata hivyo, kuzijua protini zenyewe kunasaidia kuelewa kwa nini dawa moja inamfaa huyu na nyingine inamfaa yule.

Protini zenyewe

NGF ndiyo iliyotangulia kujulikana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Rita Levi-Montalcini, mwanasayansi wa Italia aliyekuwa akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, aliona kwamba uvimbe wa saratani ya panya ukipandikizwa kwenye kiinitete cha kuku, neva za kiinitete huchipua kupita kiasi. Kulikuwa na kitu kilichotoka kwenye uvimbe ule na kuzichochea. Stanley Cohen akafanya kazi ya kukitenga, na vyanzo vilivyowapa kwa wingi vilikuwa sumu ya nyoka na tezi za mate za panya dume. Wawili hao walitunukiwa Nobel ya tiba mwaka 1986.

Mtoto akiwa tumboni, NGF ndiyo inayoamua neva zipi za maumivu zibaki hai. Isiyoipata hufa. Kwa mtu mzima mambo hubadilika: neva hizo hazitegemei tena NGF ili ziishi kwa kiwango kile cha utotoni, ila bado zinaitikia. Ngozi ikiungua, goti likivimba au neva ikiumia, seli za eneo hilo pamoja na seli za kinga humwaga NGF. Protini hiyo hunasa kwenye kipokezi kiitwacho TrkA katika ncha za neva za maumivu, na hapo mambo mawili hufuatana. La kwanza hutokea ndani ya dakika chache: mlango wa TRPV1 ulio kwenye ncha hizo, ule unaohisi joto na ukali wa pilipili, huanza kufunguka kwa joto dogo ambalo zamani lisingeufungua. La pili ni la polepole. NGF na kipokezi chake humezwa na neva na kusafirishwa kupitia uzi wake mrefu hadi kwenye kiini cha seli, kando ya uti wa mgongo, na huko hubadilisha jeni zipi zifanye kazi. Neva inaanza kutengeneza milango zaidi ya kupitishia sodiamu, kemikali zaidi za kupeleka ujumbe wa maumivu, na protini ya pili tutakayoitazama, BDNF. Haya huchukua saa hadi siku.

Ushahidi kwa binadamu ni wa moja kwa moja. Watu wenye afya waliojitolea kuchomwa kiasi kidogo sana cha NGF hupata sehemu inayouma ikiguswa kwa siku kadhaa, ilhali hawana jeraha lolote. Upande wa pili wapo wanaozaliwa na hitilafu. Mwaka 1996 ilibainika kuwa watoto wasiohisi maumivu wala kutoa jasho wana kasoro kwenye jeni ya TrkA, na mwaka 2004 familia moja ya kaskazini mwa Uswidi ikaonekana kuwa na kasoro kwenye jeni ya NGF yenyewe. Hali yao si ya kutamani. Huvunjika mifupa bila kujua, na viungo vyao huharibika mapema. Tuliweke akilini hilo la viungo, kwa sababu ndilo lililokuja kuamua hatima ya dawa nzima.

BDNF ilitengwa mwaka 1982 kutoka kwenye ubongo wa nguruwe. Katika maumivu ya neva, kazi yake kubwa iko ndani ya uti wa mgongo. Mwaka 2005 watafiti walionyesha kwa panya kwamba neva ya mguu ikiumizwa, seli za ulinzi za uti wa mgongo ziitwazo mikroglia humwaga BDNF. Hiyo hupunguza nguvu ya pampu inayotoa kloridi nje ya seli, pampu ya KCC2. Pampu ikidhoofika, kemikali ya GABA, ambayo kwa kawaida huzituliza seli za uti wa mgongo, hushindwa kutuliza na hata huweza kuchochea. Mguso mwepesi unapita na kusomeka kama maumivu. Kati ya maelezo yote ya kwa nini shuka inaweza kuchoma mguu usio na kidonda, hili naliona kuwa miongoni mwa yaliyo wazi zaidi. Mwaka 2015 likaongezeka jambo zito: njia hii ya mikroglia hutumika kwa panya dume, ilhali panya jike hufika kwenye maumivu yaleyale kwa kupitia seli nyingine za kinga. Maumivu sugu huwapata wanawake zaidi ya wanaume, na kwa miaka mingi majaribio yalifanywa kwa panya dume. Hilo ni pengo ambalo wanaotengeneza dawa wanawajibika kuliziba.

Kundi la tatu ni GDNF na ndugu yake artemini. Hizi zilionekana kuwa upande wa mgonjwa. Mwaka 2000 ilionyeshwa kuwa panya walioumizwa neva wakipewa GDNF kwenye uti wa mgongo, maumivu yao huzuilika na hata kurudi nyuma. Artemini nayo ilifanya vizuri kwa panya mwaka 2003. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa wenye siyatiki, yaani maumivu ya neva yanayoshuka kutoka mgongoni hadi mguuni, haikuleta nafuu ya uhakika iliyoongezeka kadiri kipimo kilivyopanda. Kwa anayetaka kuchagua tiba leo, kundi hili liwekwe kando.

Njia ya kwanza: kuiongeza

Wazo lilikuwa jepesi kueleweka. Katika kisukari, neva nyembamba za miguuni hunyauka, na NGF kwenye ngozi ya wagonjwa hupungua. Basi, wape NGF. Jaribio la awali kwa wagonjwa 250 wa kisukari lilitia moyo, likafuatwa na jaribio kubwa la wagonjwa 1,019 lililochapishwa mwaka 2000. Walichomwa NGF iliyotengenezwa maabara mara 3 kwa wiki kwa wiki 48. Matokeo: hakukuwa na tofauti ya maana kati yao na waliochomwa dawa tupu (sindano isiyo na dawa halisi ndani, ya kulinganishia), isipokuwa kwamba waliopewa NGF waliumia zaidi mahali pa sindano. Utengenezaji wake kwa ajili ya kisukari ukakoma.

Lakini mwaka huohuo yalitoka matokeo mengine. Wagonjwa 270 wenye maumivu ya neva yanayotokana na VVU walipewa NGF kwa wiki 18, na maumivu yao yalipungua kuliko ya waliopewa dawa tupu. Protini inayojulikana kwa kuchochea maumivu ilipunguza maumivu. Neva zenyewe hazikuonyesha kukua upya kwa vipimo. Nimelitafakari sana jambo hili, na kwangu linaonyesha kwamba swali la "NGF ni nzuri au mbaya" halina jibu moja. Inategemea neva iko katika hali gani: inayokufa kwa kukosa lishe si sawa na ile iliyo hai iliyolowa protini kupita kiasi. Katika mguu mmoja wa mgonjwa wa kisukari zote mbili zinaweza kuwepo kwa wakati mmoja.

Kikwazo kikubwa cha njia hii kilikuwa kipimo. Ili neva za miguuni zipate kiasi cha kutosha, mwili mzima ungelazimika kupata nyingi, na NGF nyingi mwilini huleta maumivu ya misuli na ngozi. Kwa hiyo wagonjwa walipewa kidogo, pengine kidogo mno.

Pamoja na hayo, kuna mahali ambapo kuongeza NGF kumefaulu: jichoni. Matone yenye NGF, yaitwayo senegermini, yaliidhinishwa Ulaya mwaka 2017 na Marekani mwaka 2018 kwa ugonjwa ambao konea, kile kioo cha mbele ya jicho, imepoteza neva na haiponi vidonda. Hutiwa mara 6 kwa siku kwa wiki 8. Athari yake inayojitokeza zaidi ni maumivu ya jicho, jambo ambalo sasa halitushangazi. Imefaulu kwa sababu dawa inafika palepale inapohitajika bila kuzunguka mwili mzima, na lengo lilikuwa kuponya kidonda, si kuondoa maumivu.

Njia ya pili: kuizuia

Hapa kingamwili za maabara hutumika kuinasa NGF kabla haijafika kwenye kipokezi. Iliyotangulia ni tanezumabu. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa wenye magoti yaliyosagika, na yalikuwa ya kushtua kwa uzuri: maumivu wakati wa kutembea yalipungua kwa asilimia 45 hadi 62 kulingana na kipimo, dhidi ya asilimia 22 kwa dawa tupu. Ni nadra dawa ya maumivu kuonyesha pengo kubwa namna hiyo.

Mwaka huohuo majaribio yakasimamishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA. Baadhi ya wagonjwa walikuwa wakiharibikiwa viungo kwa kasi isiyo ya kawaida, wengine hadi kuhitaji kubadilishiwa nyonga au goti. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliotumia pia dawa za kutuliza uvimbe kama ibuprofeni kwa muda mrefu. Baada ya kusimamishwa zaidi ya mara moja, majaribio yalirejea kwa vipimo vidogo, miligramu 2.5 au 5 chini ya ngozi kila wiki 8. Nafuu ikapungua pamoja na kipimo, lakini tatizo la viungo halikuisha. Machi 2021 washauri wa FDA walipiga kura 19 kwa 1 wakisema mpango wa tahadhari uliopendekezwa hautoshi kuifanya faida ishinde madhara. Ulaya nayo ikaikataa mwaka huo, na kampuni zilizoitengeneza zikaiacha Oktoba 2021. Fasinumabu, ndugu yake, iliachwa mwaka 2022.

Hayo ni magoti. Je, neva? Jibu la swali hili wengi hawalipati. Tanezumabu ilijaribiwa kwa maumivu ya neva ya kisukari na kwa maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi. Kwa kisukari ilipunguza maumivu kuliko dawa tupu, ingawa wagonjwa wenyewe walipoulizwa kwa ujumla wanaendeleaje, tofauti haikujitokeza. Kwa mkanda wa jeshi haikufua dafu. Kingamwili nyingine, fulranumabu, ilijaribiwa kwa magonjwa hayohayo mawili na ikatoa picha ileile: dalili za nafuu kwa kisukari, hakuna kwa mkanda wa jeshi. Majaribio hayo yalikuwa madogo, na baadhi yalikatizwa na ule usimamishaji.

Tofauti hiyo inaleta maana. Mkanda wa jeshi huharibu seli za neva zenyewe kando ya uti wa mgongo, na maumivu yanayobaki hutoka kwa kiasi kikubwa kwenye mabadiliko yaliyokwisha kuingia ndani. Kuizuia NGF kwenye ngozi ni kuziba mkondo wa juu wakati mafuriko yako nyumba za chini. Katika kisukari bado kuna neva hai zinazochokozwa kwenye ngozi, kwa hiyo kuna kitu cha kuzuia.

Kuna jambo moja la kando ambalo wanaohudumia wagonjwa wa saratani wanalijua. Dawa za vidonge zinazofunga vipokezi vya jamii ya Trk (kikiwemo TrkA, kile cha NGF), kama larotrektinibu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa saratani zenye hitilafu ya jeni za vipokezi hivyo, zikisimamishwa ghafla baadhi ya wagonjwa hupata maumivu makali ya mwili yasiyokuwepo. Mwili ulionyimwa ishara ya NGF kwa miezi huipokea kwa nguvu inaporudi.

Na wapo wanaouliza kuhusu mifugo. Ni kweli: kingamwili za kuzuia NGF zimeidhinishwa kwa paka na mbwa wenye viungo vilivyosagika. Ya paka, frunevetmabu, ilipata idhini ya FDA Januari 2022, na ya mbwa, bedinvetmabu, Mei 2023. Zimeundwa zifanane na kingamwili za mnyama husika, na mwili wa binadamu utazitambua kama kitu kigeni. Mtu asijichome dawa hizo kwa hali yoyote.

Nikiziweka pamoja

Kwa swali la ushahidi katika maumivu ya neva, njia ya kuzuia inashinda kidogo kwa kisukari, njia ya kuongeza ina lile jaribio moja la VVU, na kwa mkanda wa jeshi njia ya kuzuia ilishindwa. Kwa swali la madhara, kuongeza kunauma lakini maumivu hayo hupita, ilhali kuzuia kunaweza kuharibu nyonga isirudi. Kwa swali la upatikanaji hakuna mshindi: ukiondoa matone ya jicho, hakuna hata moja iliyoidhinishwa kwa binadamu mwenye maumivu. Kama siku moja nitalazimika kuchagua kati ya hizo mbili, ningeangalia kwanza kama mgonjwa ana ganzi zaidi au moto zaidi. Ganzi ni dalili ya neva zilizopotea, na kuwanyima protini waliobakiwa na neva chache si jambo la kufanya kirahisi.

Dawa zilizopo zinagusa wapi

Habari njema ni kwamba ile njia ndefu ya NGF, kutoka ngozini hadi kwenye uti wa mgongo, ina vituo kadhaa, na dawa tulizo nazo hukatiza kwenye vituo hivyo bila kuigusa protini yenyewe.

| Dawa | Inapofanyia kazi | Inamfaa zaidi | Awe mwangalifu |
|---|---|---|---|
| Amitriptilini | Huimarisha ishara za ubongo zinazotuliza uti wa mgongo | Asiyelala kwa maumivu | Mzee, mwenye ugonjwa wa moyo, glakoma au tezi dume |
| Duloksetini | Njia hiyohiyo, kwa kemikali mbili | Mwenye kisukari, au sonona pamoja na maumivu | Mwenye ugonjwa wa ini au shinikizo la damu lisilodhibitiwa |
| Pregabalini, gabapentini | Milango ya kalsiamu kwenye neva zinazoingia uti wa mgongo | Mwenye maumivu pamoja na wasiwasi na usingizi wa shida | Mwenye figo dhaifu, anayevimba miguu, anayetumia dawa za jamii ya afyuni |
| Kiraka cha kapsaisini asilimia 8 | Mlango wa TRPV1 kwenye ngozi | Mwenye eneo dogo linalowaka | Ngozi yenye kidonda. Huchoma sana siku ya kubandikwa |
| Kiraka cha lidokeini | Milango ya sodiamu kwenye ngozi | Mzee mwenye maumivu ya mkanda wa jeshi | Ngozi yenye kidonda |

Kiraka cha kapsaisini ndicho kinachonivutia zaidi katika mjadala huu. NGF huufanya mlango wa TRPV1 uwe mwepesi kufunguka. Kapsaisini, ile kemikali ya ukali wa pilipili, huufungua mlango huohuo kwa nguvu kiasi kwamba ncha za neva huishiwa na kusinyaa kwa wiki kadhaa. Hubandikwa na mhudumu wa afya aliyefunzwa, dakika 30 kwenye miguu au dakika 60 kwingineko, na hurudiwa baada ya takriban miezi 3. Haizunguki mwilini kwa kiasi cha maana, kwa hiyo anayemeza dawa nyingi tayari hana cha kuogopa kuhusu mwingiliano. Wastani wa nafuu yake si mkubwa, lakini kwa mwenye eneo dogo linalowaka na ngozi ambayo bado inahisi, ningeiulizia mapema. Krimu za pilipili za kawaida ni dhaifu mno kulinganisha na hiki, na kujipaka pilipili ya jikoni ni kujiunguza.

Tuje kwenye vidonge. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2015 ulitumia kipimo cha wagonjwa wangapi watibiwe ili mmoja apate nafuu kubwa ambayo dawa tupu isingempa. Kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo dawa ilivyo na nguvu. Dawa za kundi la amitriptilini zilipata 3.6, kundi la duloksetini 6.4, pregabalini 7.7. Ukisoma harakaharaka utasema amitriptilini imeshinda. Mimi siharakishi hivyo, kwa sababu majaribio mengi ya amitriptilini ni ya zamani na madogo, na majaribio ya namna hiyo huelekea kuipamba dawa.

Kilichonisaidia zaidi ni jaribio la Uingereza liitwalo OPTION-DM, la mwaka 2022, kwa wagonjwa 130 wa kisukari. Kila mgonjwa alipitishwa kwenye njia tatu, kila moja kwa wiki 16: kuanza na amitriptilini na kuongezewa pregabalini isipotosha, kuanza na duloksetini na kuongezewa pregabalini, au kuanza na pregabalini na kuongezewa amitriptilini. Maumivu yalishuka kutoka wastani wa 6.6 hadi kama 3.3 kwenye kipimo cha 10, na njia zote tatu zililingana. Tofauti ilikuwa kwenye madhara: pregabalini ilileta kizunguzungu zaidi, duloksetini kichefuchefu zaidi, amitriptilini kinywa kikavu zaidi. Na waliohitaji dawa ya pili walipata nafuu ya ziada.

Kwa maana hiyo, swali la kumuuliza daktari si "ipi ina nguvu zaidi" bali "kwa mwili wangu, madhara ya ipi nitayavumilia." Mwenye umri wa miaka 75 anayeinuka usiku kwenda haja ndogo asianze na amitriptilini, itambana mkojo na kumwongezea hatari ya kuanguka. Mwenye figo zilizochoka apimwe kwanza kabla ya pregabalini, maana hutoka mwilini kwa mkojo na ikibaki humlewesha. Anayetumia morfini au tramadoli ajue kwamba kuiongeza pregabalini juu yake huweza kupunguza pumzi. Na kwa maumivu ya uso yanayopiga kama shoti ya umeme upande mmoja, jedwali langu halihusiki: hapo dawa ya kwanza ni kabamazepini.

Kosa linalorudiwa na wengi ni kuacha mapema. Dawa hizi huanza kwa kipimo kidogo, hupandishwa polepole, na huhitaji wiki kadhaa kwenye kipimo kamili ndipo ihukumiwe. Aliyemeza amitriptilini siku tano, akasikia usingizi mzito na kuiacha, hajaijaribu bado. Na kama zinafaa, zisikatwe kwa siku moja, zipunguzwe hatua kwa hatua.

Kuna pia dawa mpya ambayo inakaribia zaidi mkondo wa NGF, suzetrijini, inayofunga mlango mmoja mahususi wa sodiamu, Nav1.8, ambao NGF huuongeza. Iliidhinishwa Marekani Januari 2025, lakini kwa maumivu ya muda mfupi kama ya baada ya upasuaji. Katika maumivu ya siyatiki, wagonjwa walipata nafuu, ila waliopewa dawa tupu nao walipata karibu kiasi hichohicho. Anayeitangaza kuwa tiba ya maumivu sugu ya neva anatangulia ushahidi.

Virutubisho vya "kukuza neva"

Kinachouzwa sana ni uyoga aina ya Hericium, kwa madai kwamba huongeza NGF. Kemikali zake huchochea seli kutoa NGF katika maabara, hilo ni kweli. Kutoka hapo hadi kumpunguzia mgonjwa maumivu ya miguu ni mbali sana. Na tafakari haya: kama NGF iliyochomwa moja kwa moja kwa wagonjwa 1,019 haikuwasaidia, kidonge kinachotarajiwa kuigusa kwa mbali kitafanya nini? Na kama kweli kingeipandisha sana, mtu angeumwa zaidi.

Vitamini B12 ni suala tofauti kabisa. Upungufu wake huharibu neva kweli, na metformini, dawa ya kisukari inayotumiwa sana, huweza kuishusha vitamini hiyo ikitumika miaka mingi. Mwenye kisukari anayetumia metformini na ganzi inapanda aombe kipimo cha B12 kabla ya kukubali kwamba ni kisukari tu. Ikiwa imepungua, kuirudisha ni matibabu halisi.

Mazoezi nayo huongeza BDNF kwenye damu, na watu huogopa wakisikia kwamba BDNF huchochea maumivu. Wasiogope. Inayoleta shida ni ile inayomwagwa mahali pabaya ndani ya uti wa mgongo baada ya neva kuumia. Kutembea kwa viatu vinavyokaa vizuri, huku nyayo zikikaguliwa kila siku kwa sababu ganzi huficha vidonda, ni jambo ninalolishauri pamoja na dawa yoyote utakayochagua. Ila miguu ikilegea ghafla, mkojo ukishindwa kuzuilika, au ganzi ikitokea sehemu ya makalio na siri, hapo si suala la kulinganisha dawa. Ni kwenda hospitali saa hiyohiyo.

Ukialikwa kwenye jaribio

Utafiti wa protini hizi haujafungwa, na huenda mwenye maumivu ya kisukari akaalikwa siku moja kwenye jaribio la dawa inayogusa NGF au kipokezi chake. Sisemi ukatae. Uliza kwanza kama nyonga, magoti na mabega yatapigwa picha kabla ya kuanza na mara ngapi baada ya hapo, na nani atalipia matibabu kiungo kikiharibika mwaka mmoja baadaye. Uliza utaruhusiwa kutumia dawa gani za maumivu njiani, na uwaambie ukweli kuhusu ibuprofeni au diklofenaki unayomeza nyumbani, hata kama ni ya mara mojamoja. Kama tayari una goti au nyonga iliyosagika, waulize wazi kwa nini wanaamini wewe unafaa, na usitie saini mpaka jibu likuridhishe.